Muravumba Haulali na Watu

Kabla sijaanza naomba mnisamehe. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama mtu anayekimbilia tramu, na kuna maneno ambayo sina hakika yanaandikwaje. Nilisoma shule ya msingi tu, kule Bukavu, na hata huko nilikuwa nakaa nyuma darasani ili mwalimu asinione. Ninaandika polepole sana. Ukurasa mmoja unanimaliza jioni nzima, na mama akipita nyuma yangu anauliza kama ninaandika Biblia mpya. Lakini jarida letu la watu wa kwetu hapa Ubelgiji liliomba vijana waandike habari za nyumbani kwao, na mimi nina habari ambayo kila nikiikumbuka moyo unanienda mbio. Basi mahali nilipokosea, someni tu kama vile nimepatia.

Hii ni habari ya dawa yetu ya kikohozi, na jinsi ilivyokaribia kufa hapa Bruxelles.

Kwetu dawa hiyo ilikuwa kazi ya ukoo kabla mimi sijazaliwa. Mama wa nyanya yangu aliipika katika milima iliyo juu ya ziwa, akaiteremsha sokoni siku ya soko. Nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita koko, aliileta Bukavu mjini alipoolewa. Ua wote wa nyumba yake ulikuwa muravumba. Kwa wasioujua, muravumba ni mti mdogo, majani yake yana manyoya laini kama sikio la mwana‑mbuzi, na ukiyasugua harufu inakaa vidoleni hadi kesho yake. Ni mchungu. Watu wa Kivu karibu wote wameuonja, wengi wao wakiwa wameshikwa mikono na miguu na wazazi wao. Koko aliyachemsha majani pamoja na tangawizi na vitu vingine ambavyo sivitaji hapa, kwa sababu yeye yu hai, ameketi chumba cha pili, na anajua ninaandika. Mwisho anatia asali. Asubuhi watu walibisha hodi wakiwa na chupa zao za bia zilizooshwa.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, muuzaji anakunywa kwanza. Kwetu mtu hapokei kitu cha kunywa kutoka mkono wa mwingine kabla mwenye mkono hajaonja. Watu wanaogopa sumu, ninyi wenyewe mnajua. Basi koko alimimina kijiko, akanywa mbele ya mgonjwa, akameza, akafungua kinywa aonyeshe kuwa hakuna kitu kilichobaki. Ndipo chupa inatoka.

Sheria ya pili ni kwamba muravumba haulali ndani ya nyumba. Mahali pake ni nje, mvua ije, jua lije.

"Dawa ikilala na bantu inazoea magonjwa yabo," koko anasema. "Ikishazoea haitayafukuza tena. Itayasalimia."

Sisi, mama na mimi, tulifika Bruxelles kwanza. Tulipata nyumba mtaa wa Schaerbeek, orofa ya tatu, juu ya mtu anayekaanga viazi. Mama alisafisha ofisi kule Evere, akitoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, najifunza Kifaransa katika darasa la jioni, na nilikuwa na haya kiasi kwamba nikitumwa dukani kununua mkate nilinyoosha kidole tu.

Koko alitufuata majira ya masika. Tulimngoja uwanja wa ndege, na alipotokea alikuwa anachechemea.

Mama akaogopa. "Maman, muguu iko na nini?"

"Muguu iko na muravumba," koko akajibu, bila kusimama. "Tuende mbio, kabla hawajaniuliza."

Alikuwa amefunga tawi katika kitambaa chenye maji, akaliingiza ndani ya kiatu chini ya unyayo, akasafiri nalo hivyo safari nzima. Tulipofika nyumbani hakutaka chai wala kitanda. Alitaka udongo. Mama akashuka kwa yule mtu wa viazi, akarudi na ndoo tupu ya mayonezi, ndoo kubwa nyeupe yenye mshikio, na tawi likapandwa humo na kuwekwa kwenye balkoni. Udongo tuliutoa, Mungu atusamehe, kwenye bustani ya komini, mali ya serikali ya mtaa.

Mti ule ulipenda ndoo ya mayonezi. Kiangazi chote ulikua kana kwamba ulikuwa umengojea miaka kuja Ulaya. Koko alikata matawi akapanda mengine, ndoo zikaongezeka, hadi balkoni yetu ikaonekana kutoka kituo cha tramu. Mwisho wa kiangazi akapika sufuria ya kwanza. Harufu ikateremka ngazi zote. Nilidhani majirani watapiga simu polisi, lakini wa kwanza kubisha alikuwa Mturuki mwenye duka la kona, aliyekuwa akikohoa tangu tulipomfahamu. Hakujua Kiswahili na koko hakujua Kituruki. Koko akanywa kijiko, akafungua kinywa. Mturuki akatazama ndani ya kinywa chake kwa heshima, akanyoosha mkono apewe chupa. Baada ya siku chache alituletea katoni ya mitungi ya zeituni, mitupu, imeoshwa, ili tuwe na vyombo vya kutosha.

Kisha tukaanza kuuza baada ya misa ya Kiswahili, katika ukumbi wa parokia. Hapo palikuwa na shida ya nani atauza. Mama akishika meza, watu wanakuja kupiga habari, wanacheka, wanaondoka bila chupa. Koko miguu ilikuwa imechoka. Siku moja koko akaninyooshea kidole.

"Huyu njo atauza."

"Huyu?" mama akashangaa. "Maman, huyu hasemi hata bonjour!"

"Donc? Dawa haiko redio. Anywe tu, bantu watamuona."

Na kweli, ndugu zangu, ile ilikuwa kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu. Sikuhitaji kusema neno. Mtu anasimama mbele yangu anakohoa, namimina kijiko, nakunywa, nafungua kinywa, natoa chupa. Jumapili yenye watu wengi nilikuwa na uchungu ulimini hadi Jumanne, na chakula chote kilikuwa na ladha ya muravumba, lakini sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Siku moja akaja mwanamke Mbelgiji aliyeolewa na mtu wa kwetu. Nilipokunywa kijiko chake alimgeukia mama.

"Madame, mbona msichana anakunywa dawa yangu? Naye anaumwa?"

"Hapana, madame," mama akasema. "Ni garantie."

Majani yalipoanza kuanguka mitaani, kikohozi kilishika mji mzima. Nilikuwa nasikia watu wakikohoa ndani ya tramu na moyo wangu unaruka kwa furaha. Msinihukumu. Mama alikuwa mkali kwa jambo moja tu: mwenye homa isiyoshuka, au mtoto anayepumua kwa shida, alimwambia aende kwa daktari kwanza, chupa ingemngoja. Wengine wote tuliwahudumia. Mama alianza kusema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, kwamba labda kabla ya Pasaka angeacha ofisi za Evere.

Na koko akaniita jikoni. Alisema mama yangu hana mkono wa dawa, kila anayoipika inaungua, na hilo si la kukasirikia, watu hawafanani. Lakini mimi nina mkono. Katika baridi ile atanifundisha yote, kuanzia jani hadi chupa, na sufuria yake itakuwa yangu. Nilikosa pa kutazama. Nilitazama viatu vyangu, na masikio yalikuwa ya moto kwa furaha.

Lazima niseme pia kwamba mwezi ule vita vilikuwa vimefika kwetu. Simu ya Bukavu ilikuwa inalia bila mtu kupokea. Binamu wawili wa mama walitufikia na mabegi tu, na ndio waliotuambia kwamba nyumba ya koko haipo tena, na ua wake umechomwa pamoja nayo. Kwa hiyo muravumba wetu ulikuwa ule wa kwenye ndoo za mayonezi, na mwingine haukuwepo mahali popote ambapo mkono wetu ungeufikia.

Sasa mnaelewa kwa nini mama alianza kusumbuka hewa ilipokuwa kali.

"Maman, tuingize miti. Hapa baridi inaua."

"Kwetu mulimani hakuna baridi?" koko akajibu. "Mi nilizaliwa ndani ya baridi."

"Ile si baridi kama hii!"

"Baridi ni baridi. Ndani ya nyumba bantu wamejaa mpaka jikoni. Unataka ijifunze kukoola kikohozi?"

Na ni kweli tulikuwa tumejaa. Binamu walilala sebuleni, koko alilala jikoni karibu na jiko kwa sababu ya mifupa yake, mama na mimi chumbani. Koko hakuupuuza mti wake, msifikiri hivyo. Aliuvika. Kila ndoo aliifunga kitenge, juu ya kitenge akatia skafu, na ule mti mkubwa aliuvika koti langu la zamani, akafunga vifungo vyote. Majirani wa ng'ambo walidhani tuna wageni waliosimama balkoni.

Asubuhi moja vioo vya magari vilikuwa vyeupe. Koko akafungua koti, kifungo kimoja kimoja. Majani yote yalikuwa meusi na yamelegea, kama sombe, yaani kisamvu, iliyosahauliwa motoni. Akafungua vitenge vingine, ikawa vilevile. Akakwaruza shina kwa kucha, chini kabisa, akitafuta rangi ya kijani. Hakuipata. Alirudi ndani, akakaa, akakataa chai.

"Imeisha," alisema. "Mama yangu alinipa, mi nimeiua."

Wiki ile watu waliendelea kuja na mitungi yao mitupu, na mimi niliwafungulia mlango na kutikisa kichwa tu. Sufuria ya koko ilikuwa imegeuzwa juu ya kabati. Nilipita chini yake mara nyingi kwa siku. Nilikuwa nimeahidiwa kazi, kazi yangu mwenyewe, nami sikuwa nimejifunza hata kuchagua jani.

Mama ndiye aliyesema tuulize Jumapili kwenye misa. Labda katika watu wote wale kuna mmoja aliyekuja na tawi kiatuni kama koko. Padri huwa anatoa mikrofoni mwishoni kwa wenye matangazo. Mama angesema, mambo ya kusema ni yake.

Lakini Jumamosi mama akaanza kukohoa. Dawa haikuwepo, si tone. Jumapili asubuhi alifungua kinywa na haikutoka sauti, ulitoka upepo. Alininyooshea kidole. Nikanyoosha kidole kwa koko. Koko alikuwa amegeukia ukuta.

Nilikwenda misani. Sikumbuki somo wala nyimbo. Padri aliposema kama kuna tangazo, mama alinisukuma kwa kiwiko hadi nikajikuta mbele, na mikrofoni ilipiga kelele nilipoishika.

"Yambo," nikasema. "Tuna... tunatafuta muravumba."

Tonton mmoja wa nyuma, mzee wa makamo, akapaza sauti, "Mutoto, tunautafuta wote! Mi nakoola tangu nilishuka ndege!"

Watu wakacheka. Maman mmoja akasema, "Sema na nguvu, ma chérie! Unatafuta muti ao unatafuta bwana?"

Wakacheka zaidi, na mimi nikataka sakafu inimeze. Lakini nilimwona mama kwenye benchi, mikono kifuani, akikohoa bila sauti, na nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Nikasema wetu umekufa kwa baridi. Nikasema ua wa Bukavu umeungua. Nikasema dawa mliyokunywa hapa nyote ilitoka katika tawi moja, na kama hakuna mwenye tawi lingine basi imekwisha, na mimi nilikuwa nijifunze kuipika katika baridi hii. Nikasema hata kama ni kijiti kidogo, mradi kina uhai. Sikuwahi kusema maneno mengi kiasi kile kwa watu wengi kiasi kile. Niliporudi kukaa, ndani yangu kulikuwa na kitu kinapiga makofi.

Wiki iliyofuata nyumba yetu iligeuka soko la majani. Watu walipanda ngazi wakiwa na mifuko. Koko aligeuka kutoka ukutani kwa adabu tu, maana wageni ni wageni, akawa anakaa kwenye kiti cha jikoni, anasugua kila jani, ananusa, anatoa hukumu.

"Hii ni ya kupikia kuku."

"Hii ni ya makaburi. Nani alichuma maua ya makaburi?"

"Hii, peleka kwa sungura."

Yule tonton wa misani alileta mmea wa plastiki katika chungu kizuri. "Koko, hii hapa baridi haitaua," alisema, na koko akacheka hadi akashika ubavu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu asubuhi ile ya vioo vyeupe. Lakini muravumba haukupatikana.

Ijumaa akaja maman mmoja anayetunza wazee majumbani mwao. Yeye hakuwa na mfuko. Alikuwa amevaa bado blauzi yake ya kazi, na alisimama mlangoni bila hata kuketi.

"Niko na muzee wangu kule Laeken," alisema. "Alikaaka Kivu zamani, mambo ya mashamba ya chai. Kwake kuna muti ndani ya vioo, mi namwagia maji tu. Leo nimepita, mukono ikagusa, nikanusa mukono. Koko, nilijikuta Bukavu. Nilikaa chini."

Koko alikuwa ameshasimama, anatafuta kitenge chake cha sikukuu.

Tulikwenda keshoye, koko, maman yule na mimi. Koko alivaa makoti mawili juu ya kitenge. Ndani ya tramu mguu wake mmoja ulikuwa unapiga sakafu, na wangu pia. Mzee alitufungulia mwenyewe, akiegemea fimbo, Mbelgiji mrefu mwenye nyusi nyeupe.

"Karibu! Ingia! Funga mlango! Kaa!"

Koko akaninong'oneza, "Anasema sawa vile muntu anafukuza mbuzi."

Mzee alisikia. Akatabasamu. "Ni kweli, mama. Mimi ilijua Kiswahili ya kutuma tu. Ile ingine hakuna mtu alinifundisha, na mimi sikuuliza."

"Bon," koko akasema. "Hatujachelewa. Muti iko wapi?"

Ulikuwa verandani, nyuma ya nyumba, chumba kizima cha vioo. Ulikuwa umefika dari. Shina lake lilikuwa nene kama mkono wangu, na huko juu matawi yalikuwa yamepasuka maua, meupe yenye zambarau kidogo, wakati nje barafu imeshika nyasi. Nilisugua jani. Harufu ilikuwa ileile. Koko alitembea kuuzunguka, akaushika shina kama mtu anayemshika ndugu begani.

"Kumbe weye uko hapa," aliuambia. "Unakula chauffage, joto ya nyumba."

Mzee alieleza kwa Kiswahili chake, na maman mtunzaji akamsaidia kwa Kifaransa. Mti ulikuwa wa mke wake, marehemu. Aliuleta kwa ajili ya maua, lakini dawa yake waliijua, mpishi wao aliwanywesha wote wawili. Kisha akasema jambo jingine. Alishawahi kumpa mtu tawi, jirani, baada ya kifo cha mke wake. Yule jirani aliliacha nje likafa. Aliapa hatatoa tena.

"Lakini ninyi ni watu wa kule," alisema. "Nitauliza neno moja. Kwenu utalala wapi?"

Tukamtazama koko. Angeweza kudanganya, lakini koko hadanganyi juu ya dawa.

"Inje," akasema.

"Basi hapana. Nje utakufa."

"Ulishakufa," koko akasema. "Najua. Lakini ndani haiwezekane. Muravumba haulale na bantu, unazoea magonjwa yabo."

"Huu uko ndani, mama! Tazama!"

"Nani analala hapa?"

Mzee akafikiri. "Hakuna. Paka tu."

"Paka anakoolaka?"

"Hapana."

"Bon."

Wazee wawili wakasimama kila mmoja upande wake wa shina, kila mmoja na kiapo chake. Niliona wazi kwamba hakuna atakayesogea. Koko alianza kufunga vifungo vya koti lake la juu. Nikajua tukitoka kwenye mlango ule basi sufuria itabaki imegeuzwa milele, na nikaanza kutembea kichwani mwangu ndani ya nyumba yetu, chumba baada ya chumba. Sebuleni kuna binamu. Jikoni kuna koko. Chumbani kuna mama na mimi. Halafu nikafika mwisho wa koridori.

"Bafuni," nikasema.

Wote wakageuka.

"Koko, bafuni hakuna mtu anayelala. Kuna dirisha, na kuna joto, na kuna beseni kubwa la kuogea."

Maman mtunzaji akafunika kinywa asicheke. Koko hakucheka. Alilipokea jambo lile kama hakimu.

"Lakini bantu wanaingiaka pale na magonjwa yabo."

"Wanaingia kuyaosha, koko. Wanayaacha kwenye maji, na maji yanakwenda zake."

Koko akaanza kufungua tena vifungo vya koti. "Na banasema huyu hasemi," alimwambia mzee. "Leta mukasi."

Mzee alileta mkasi wa bustani, akampa koko. Koko akanipa mimi. "Kata weye. Chini ya kifundo, njo pahali mizizi inatokaka." Mzee alisimama nyuma yangu akielekeza kwa Kiswahili chake cha kutuma, "Hapo! Polepole! Sasa! Ingine!" na koko akasema kwamba leo hata kutuma kwake kunamfurahisha. Nilikata matawi ya kupanda, na mzee mwenyewe akasema tupunguze na yale ya juu yanayosukuma vioo, ili tupate majani ya kupika sasa hivi, maana alikuwa amesikia kuhusu sauti ya mama. Tulipoondoka alibaki ameketi verandani chini ya mti, paka miguuni, akiutazama kana kwamba umenyolewa kwa ajili ya harusi.

Ndani ya tramu nilikumbatia mzigo wa majani, na harufu ikajaza behewa lote. Watu wakageuka. Kwa kawaida ningekufa kwa aibu. Siku ile niliwatazama machoni, mmoja mmoja.

Jioni ileile sufuria ilishuka kutoka kabatini. Koko alikaa kwenye kiti, mimi nikasimama motoni. Alinionyesha jani la kuchagua na jani la kuacha, na jinsi povu linavyobadilika rangi wakati wa kupunguza moto umefika. Nilikosea mara moja, akanipiga kidogo kwa mwiko. Mama alikunywa, na siku chache baadaye sauti yake ilirudi, na neno la kwanza alilosema kwa sauti hiyo lilikuwa, "Nani ameweka miti ndani ya baignoire?"

Bafu letu sasa ni msitu. Anayetaka kuoga anahamisha ndoo kwanza, halafu anazirudisha, na binamu wanasema wanatoka humo wananuka kama wagonjwa waliopona. Matawi yote niliyokata yalishika mizizi isipokuwa moja. Mama ameacha ofisi za Evere. Mimi ndiye ninayepika, koko anaonja na kukosoa, na kila mwezi nakwenda Laeken kupunguza matawi ya mzee na kumfundisha Kiswahili cha kuuliza. Anasonga mbele. Juzi aliniuliza, "Umeamkaje?" na akangoja jibu.

Lakini sijasahau asubuhi ile ya vioo vyeupe. Muravumba wote wa Bruxelles, kwa kadiri ninavyojua, uko katika bafu moja la Schaerbeek na veranda moja ya Laeken, na hizo ni nyumba chache mno. Nataka uwe katika nyumba nyingi, ili baridi ikiuua huku ukutwe kule. Kwa hiyo ninyi mnaosoma jarida hili, wa Liège, wa Anvers, wa popote, niandikieni kupitia jarida. Mwenye muravumba, au mwenye kujua aliye nao, aseme. Anayetaka tawi aniambie ana chumba gani chenye dirisha, na nani analala humo. Na kama kwenu kulikuwa na dawa nyingine ya ukoo ambayo imebaki kichwani mwa mzee mmoja tu, niandikieni hiyo pia, jinsi inavyopandwa na nani anajifunza sasa. Kila barua nitaijibu, na mkasi nimeshaunoa.